Barua Zinazosimama Mlangoni

Nyinyi vijana mnaniambia barua pepe siku hizi ziko mawinguni. Haya. Mimi nikiangalia mawingu ya Kitale mwezi wa nne ninaona radi tu, na radi ndiyo iliyonitia mvi. Barua pepe nilizijua zikiwa chini, kwenye chumba kisicho na dirisha nyuma ya stoo ya mbegu za mahindi, ndani ya mashine iliyounguruma mchana kutwa kama posho mill inayosaga unga kijiji cha pili. Barua zikikataa kutoka, hakukuwa na namba ya Nairobi ya kupiga uambiwe "tunalishughulikia". Ulichukua bisibisi na tochi, ukaingia mwenyewe.

Juzi mmoja wenu anayesomea kompyuta hapa mjini aliniuliza, "Shosh, kwani mlikuwa mnafanya nini siku nzima?" Shosh, yaani nyanya! Na mimi sabini sijaigusa. Nilimtimua, lakini alipoenda swali likabaki. Kwa hivyo nimeketi niwaambie, na msitegemee niende mwaka kwa mwaka. Kichwa changu hakishiki tarehe. Kinashika watu.

Naitwa Chebet. Nilifanya kazi kwenye kampuni moja ya mbegu, makao yake Kitale, tawi kubwa Bungoma, na maghala madogo kwenye miji midogo ya Kwanza, Malakisi na kwingine. Maajenti wa mbegu, madereva, wakaguzi, wahasibu, wote walikuwa wanaandikiana kupitia seva yetu. Kazi yangu ilikuwa hiyo seva: isizimike, isiingiwe na virusi, isipoteze barua ya mtu. Ukiweza hayo matatu hakuna anayekujua. Ukishindwa moja, hata mpishi wa kantini anakujua jina.

Mtu aliyenifundisha anaitwa Mzee Wafula. Naandika "anaitwa", na nisahihisheni mkitaka. Alikuwa Bungoma, akilinda mashine ya pili, ile ya akiba. Kitale tukizimika, barua ziliingia kwake zikangoja mpaka tuamke. Kabla ya kompyuta alikuwa fundi wa simu, zile za kuzungusha mkono, na alizigusa seva kwa heshima ileile, ati anaweka sikio kwenye ubavu wa mashine kwanza kabla ya kugusa kibodi. Diski inayotaka kufa inagonga, alisema, na kweli inagonga. Nyinyi mnangoja kompyuta iwaandikie ujumbe. Sisi tulisikia siku tatu kabla.

Kila asubuhi saa moja na nusu simu ya ofisi ililia, na ni yeye.

"Chebet, seva imerara aje?"

Alikuwa akibadilisha l na r kama wengi wa kwao. Mimi namjibu, "Mzee, seva hailali."

"Basi imekesha vizuri?"

"Imekesha vizuri."

"Na wewe?"

Hapo ndipo nilikuwa napata nafasi ya kusema mtoto ana homa, au ng'ombe amezaa, au meneja amenikasirisha. Miaka yote hiyo sikuwahi kufikiria kwamba "na wewe" ni sehemu ya kazi. Siku hizi naamka saa kumi na mbili kwa mazoea, nakunywa chai, na ikifika saa moja na nusu mkono unaniwasha kabisa kushika simu. Nina hamu ya ile sauti mpaka inauma hapa kifuani. Nasema hivyo wazi maana mimi ni mzee na sina wa kumwonea haya.

Wiki yangu ya kwanza nilimfedhehesha. Mashine ilikwama, nikaingoja kidogo, ikakataa, nikaenda ukutani nikang'oa waya. Nani hajafanya hivyo na televisheni? Ilipowaka tena, nusu ya masanduku ya barua yalikuwa yamevurugika: barua ya mkaguzi wa Kwanza inatokea kwa dereva, ya dereva haina mwisho, ya mkurugenzi haionekani popote. Mzee Wafula alitoka Bungoma kuja kunisaidia. Nilijua nitafokewa. Akaketi, akavua koti, akasema, "Hiyo si taa, Chebet. Huyo ni mtu amebeba barua mikono miwili. Ukimsukuma zinamwagika, na hajui tena ipi ni ya nani." Tukaokota barua moja moja siku mbili. Tangu hapo mimi sizimi hata redio bila kuiaga.

Mambo mengine aliyonifundisha yalinifanya nionekane nimerukwa na akili. Kwa mfano ule mtalimbo wa chuma wa ardhini unaopeleka nguvu ya radi chini. Mafundi walikuwa wameuchomeka tu kwenye udongo mkavu wakaenda zao. Mzee akatuambia tuchimbe shimo, tujaze makaa na chumvi, tuurudishe. Halafu kiangazi kikifika, akasema, umwagilie maji kila wiki, maana ardhi kavu haipitishi radi. Basi mwezi wa kwanza na wa pili, jua limewaka vile mnavyojua, mimi natoka na ndoo napita mbele ya wapakiaji wa magunia, naenda kunywesha chuma. Wakiniona: "Mama, kimeota?" Mimi: "Kesho tunapalilia." Lakini radi ilipopiga mwezi wa nne, kwenye jengo la majirani iliunguza kila kitu chenye waya. Sisi taa zilififia mara mbili, basi. Baada ya hapo walianza kunibebea ndoo wenyewe.

Na panya. Mtu akiweka seva nyuma ya stoo ya mahindi amewaita panya kwa jina. Walikula mbegu mpaka wakachoka, wakageukia nyaya kama kitindamlo. Tulileta sumu, tukaleta mitego, mwishowe tukaleta paka. Wapakiaji walimwita Meneja kwa sababu alishinda amelala mahali penye joto na hakuna aliyethubutu kumwamsha. Kwenye ripoti ya kila robo mwaka niliandika "hatua za ulinzi", na mojawapo ni huyo paka.

Mniandikie hili moja kwenye madaftari yenu, kama bado mna madaftari. Kila Ijumaa nilinakili barua zote kwenye kanda, nikazitia kwenye kopo la majani ya chai, nikalifunga kwa sweta kuukuu, lori la mbegu likalipeleka Bungoma. Moto ukila Kitale, nakala ziko Bungoma. Wengi wanaishia hapo wanajipongeza. Mzee Wafula hakuishia hapo. Kila Jumatatu alichukua kanda moja, akairudisha kwenye mashine yake, akafungua barua moja yoyote aone kama inasomeka. "Nakala usiyoijaribu ni maombi tu," alisema, "na maombi ni ya Jumapili." Halafu ananipigia kuniambia ameona, bila kusema barua ilikuwa ya nani. Siku moja alicheka mpaka akakohoa, nikambembeleza aniambie. Wapi! Alikata simu akiwa bado anacheka, na mpaka leo sijui ni nani katika kampuni ile alikuwa akiandika mambo ya kuchekesha hivyo.

Sasa nifike kwenye virusi, maana ndipo kisa changu kinapoanzia.

Nilikuwa nimewafunza wafanyakazi wiki tatu nzima. Nilizunguka Kwanza, Malakisi, Bungoma, kila ghala. Nikawaambia: barua ikija na kitu kimeambatishwa, na hukukitarajia, usifungue. Hata ikitoka kwa mtu unayemjua. Ati umeshinda zawadi, usifungue. Ati kuna picha zako, usifungue. Wakaitikia kama kanisani: "Tumeelewa, mama!" Nikarudi Kitale nimejaa sifa.

Kirusi kilichokuja hakikuleta zawadi wala picha. Kilikuwa cha ujanja. Kiliingia kwenye kompyuta ya karani mmoja wa ghala, kikachukua barua zake za zamani, kikazituma upya kwa watu wote kikiwa kimejibandika nyuma yake. Na barua kiliyoichagua ilikuwa tangazo la kifo. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa: TANZIA. MWENZETU AMETUTOKA. Chini: fungua usome.

Niambieni, nani huku kwetu ataiacha hiyo? Uwe Mbukusu, uwe Msabaoti kama mimi, uwe Mteso, tanzia haiachwi. Ukisikia kuna aliyekufa na hujui ni nani, chai haishuki. Na usipoenda kwenye msiba, hutaulizwa kama kiambatisho kilikuwa salama. Utaulizwa kwa nini hukuja. Kwa hivyo walifungua. Madereva walifungua, wahasibu walifungua, mkurugenzi alifungua. Yule bibi wa mapokezi aliyeandika maneno yangu yote kwa kalamu nyekundu alifungua mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza haikumwonyesha jina la marehemu.

"Kwani nimekufunza nini?" nikamwuliza.

"Mama, ulisema zawadi na picha. Msiba hukusema."

Nikachukua kalamu yake nyekundu, nikaongeza: na msiba.

Kila aliyefungua alituma kwa wote aliowajua, na seva ikajaa barua za kirusi mpaka barua za watu hazina pa kupita. Na ilikuwa msimu wa kupanda! Maajenti wanaagiza mbegu, oda hazifiki, mvua imeanza, wakulima wamesimama madukani wakituita majina. Siku tatu tulifanya kazi kwa karatasi, dereva anatumwa Malakisi na oda mfukoni kama enzi za mkoloni. Mzee Wafula alikuja na makopo yake ya kanda. Tukakata mtandao, tukasafisha kompyuta moja moja, tukarudisha barua kutoka Ijumaa iliyopita. Zilisomeka zote. Nilitamani kumkumbatia lakini alikuwa mzee wa heshima zake, nikamletea chai.

Basi tukamaliza, na mimi nina hasira. Hasira yangu mnaijua, au waulizeni wanangu. Nikaketi nikatengeneza kichujio. Barua yoyote inayotoka nje ya kampuni, ikiwa na kiambatisho, na ndani yake mna neno tanzia, au mazishi, au msiba, au mchango, isiingie. Iende kizuizini, pahali pa pembeni, ikae huko mpaka mtu aiangalie. Na aliyeituma asijulishwe, kwa sababu wenye virusi ukiwajibu wanajua uko hai.

Mzee alisoma kile nilichoandika, akavua miwani.

"Hii ni nzuri," akasema. "Lakini umeweka askari mlangoni, Chebet. Askari hajui watu. Kila asubuhi lazima uende mlangoni mwenyewe uone ni nani amesimamishwa huko nje."

"Nitaenda, Mzee."

"Na yule unayemzuia, mwambie umemzuia. Mtu akiandika barua na haikurudi, atajua imefika."

"Mzee, nikiwajulisha watu wema nawajulisha wezi pia."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe akakubali, ila kazi ya kupitia kizuizi akaichukua yeye, kila asubuhi kutoka Bungoma, kabla ya kunipigia. "Leo kuna mmoja amesimama mlangoni, ni mzazi wa mtu wa ghala la Kwanza, nimemwingiza." Hakupitisha kirusi hata kimoja, na hakuacha msiba wa mtu hata mmoja nje. Watu hawakujua. Walipata tanzia zao, wakaenda kuzika, wakarudi.

Halafu akastaafu, akarudi kwao Malakisi. Tulimfanyia sherehe, tukampa blanketi na saa ya ukutani. Aliniambia, "Mlango sasa ni wako." Nikasema ndiyo. Mwezi wa kwanza nilipitia kizuizi kila siku. Halafu kila Ijumaa. Halafu nilipokumbuka. Kulikuwa na takataka nyingi mno mle, dawa za kukuza nywele, ardhi za urithi za watu wasiojulikana, na mimi nilikuwa peke yangu, na kila ukijua kuna takataka unasema kesho. Msijifanye hamjui hiyo kesho.

Na simu zetu zikapungua vilevile. Simu za mezani za ofisi zilitolewa, kila mtu akawa na ya mkononi. Yangu iliibwa sokoni, nikachukua laini mpya, nikajiambia nitamtafuta Mzee nimpe namba. Yake nilikuwa nimeiandika mahali. Mwaka ukapita. Sikuwa nimemsahau, jamani, nilikuwa nikimtaja kila wiki! Nilikuwa namtaja kwa watu wote isipokuwa yeye.

Ndipo kampuni ikaamua kuhamisha barua kwenda huko mawinguni kwenu. Walituma fundi mmoja kutoka Nairobi, binti mwerevu, mikono myepesi. Anahamisha sanduku moja baada ya jingine, na mimi nimekaa kando kama mtu anayetazama ng'ombe wake akiuzwa. Akageuka akaniuliza, "Mama, hii folda ya kizuizi ni takataka tu, si tufute?"

Nikasema futa.

Halafu nikasema ngoja. Sijui kwa nini. Nikavuta kiti, nikaanza kushuka na orodha, haraka haraka, dawa za nywele, ardhi, bahati nasibu. Na hapo katikati: TANZIA. MZEE WAFULA WA MALAKISI. Anwani iliyotuma ilikuwa ya binti yake, Nekesa. Tarehe ilikuwa ya wiki tatu nyuma.

Nilifungua kiambatisho. Ilikuwa programu ya mazishi, na niliijua kazi ya mikono yake kabla sijasoma neno. Kila kitu kwenye jedwali, saa upande huu, jina upande ule. Mzee alikuwa ameyapanga mazishi yake mwenyewe akiwa kitandani, kama alivyokuwa akipanga matengenezo ya mashine. Maombi, nyimbo, ukoo, kanisa. Na saa tano na nusu: "Mwenzangu wa kazi, Chebet wa Kitale. Dakika tano. Asizidishe."

Yule binti wa Nairobi aliniuliza kama niko sawa. Sikuwa sawa. Nililia mle chumbani, mtu mzima, miguu imenyooshwa sakafuni, na mashine inaunguruma kando yangu kana kwamba haikufanya lolote.

Kesho yake nilikuwa Malakisi. Hema lilikuwa limeshatolewa, nyasi zimelala pale watu walipoketi. Harufu ya tumbaku inayokaushwa ilitoka kwa jirani. Kaburi lilikuwa na udongo mwekundu bado na maua ya plastiki. Nilifika pale kwanza, nikalia kwa sauti kama desturi inavyotaka kwa aliyechelewa, na mke wake akatoka nyumbani akanisimamisha kwa kunishika kwapani. Ni mama mfupi, mnene, mwenye mikono ya mtu aliyepalilia maisha yote.

"Mulembe, Chebet," akanisalimu kwa lugha yao. "Umefika."

Hakunijua uso. Hatukuwahi kuonana. Nikamwuliza amejuaje ni mimi.

"Kwani ni nani mwingine amebaki?"

Walinipa kiti, wakanipa chai, kuku akafukuzwa nyuma ya nyumba ingawa nilikataa. Nekesa akaja akaketi karibu. Alikuwa na aibu, yeye! Akasema, "Mama, tulipiga ile namba yako kwa simu ya baba, ikasema haipatikani. Tukapiga ya ofisi, haipo. Nikakuandikia barua pepe. Baba alisema wewe ukiandikiwa barua pepe, hata stima ipotee Kenya nzima, itakufikia. Nikangoja uone kama itarudi. Haikurudi. Si alitufundisha, barua isiporudi imefika? Tukajua uko njiani."

Niliweka kikombe chini. Siwezi kuwaelezea. Nyinyi mtajifunza mengi kuhusu mashine, mtanipita mara kumi, na sitaki mmoja wenu aketi kwenye kiti kile.

Nikawauliza siku ya mazishi ilikuwaje. Mama Nekesa ndiye aliyejibu, anachambua majani ya maharagwe huku akizungumza, polepole.

"Watu walikuwa wengi. Mwongozaji akafika mahali pako, akaita, Chebet wa Kitale. Watu wakageuka kuangalia nyuma. Akaita mara ya pili. Nikasikia wazee wanaanza, ati mbona huyu anayesifiwa kila siku hakuja, kwani mzee alikuwa anatusifia mtu hewa? Akaita ya tatu. Mimi nikasimama."

"Wewe, mama?"

"Sasa ningefanya aje? Mjane hatakiwi kuzungumza wakati huo, lakini nilisimama. Mimi sijui mambo ya kompyuta, bana. Nikasema Chebet amebaki kazini, kwa sababu marehemu alimfundisha hakuna kuacha barua ya mtu njiani. Nikasema miaka yote wale wawili hawajapoteza tanzia ya mtu hata moja. Watu wakapiga makofi. Mazishi, na watu wakapiga makofi."

Ndipo nikawaambia. Barua ilikuwa wapi, nani aliweka kile kichujio, na nani aliacha kwenda mlangoni. Niliwaeleza vizuri, kwa Kiswahili chepesi, nisijifiche nyuma ya maneno ya kazi. Nekesa aliinamisha kichwa. Mama yake akaendelea na maharagwe yake.

"Ungeambiwa mapema ungekuja?" akaniuliza.

"Ningekuja kwa miguu."

"Basi hayo ya kizuizi tubaki nayo sisi watatu. Watu wa huku walishapiga makofi."

Nimeyahifadhi miaka hii yote. Nawaambia leo kwa sababu Mama Nekesa naye ametutoka, na mimi nimestaafu, na mashine ile iliuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Msiba wake nilipigiwa simu saa ileile. Nilifika siku ya kwanza, nikalala matanga, nikachota maji, nikamenya viazi na mabinti wa boma. Na siku ya kuzika, mwongozaji alipoanza kusema jina langu, niliitika kabla hajalimaliza, kwa sauti kubwa mpaka watoto wakashtuka, na bado haikunitosha.